Karatasi Nne za Sura ya Tisa

Kashindye alikuwa na orodha ya watu waliomuua mke wake, na alikuwa amewapanga kwa vyeo. Wa kwanza walikuwa wakubwa wa kivuko. Wa pili madaktari. Wa tatu ni wale waliokaa ofisini na kuamua kwamba watu wa ng'ambo, upande wa Kamanga, zahanati ya vyumba viwili inawatosha. Ukipita getini pale chuoni Mkolani ukampa shikamoo yake, marahaba ilikuja na orodha nzima, utake usitake.

Miaka minne alikuwa anaisimulia, na haikubadilika hata neno. Evelina kazidiwa, yeye kambeba mgongoni mpaka gatini, kivuko hakipo, injini imekufa. Wamekaa juani mpaka jioni. Wamevushwa mgonjwa akiwa hajitambui, na hospitali ya mjini haikumwokoa. "Angekuwa mke wa mkubwa," alimalizia kila mara, "injini isingekufa siku ile." Watu walitikisa vichwa. Wapishi walimwekea nyama ya chini ya sufuria. Mlinzi mgane, mtu wa Usukumani aliyeacha hata kupiga ngoma yake kwa majonzi, nani angemnyima pole?

Basi mwaka huu mkuu wa chuo, Mwalimu Revocatus, akaja na jambo jipya. Chuo chao ni cha maendeleo ya wananchi, watu wanajifunza kushona, kujenga, kufunga umeme, na akina mama wenye watoto wachanga wanapokelewa na kupewa bweni. Mkuu akasema chuo kizima kitasoma kitabu kimoja, kuanzia yeye hadi anayemwaga makombo ya jikoni. Wote kitabu hichohicho, halafu Ijumaa ya mwisho wakutane bwaloni wazungumze walichosoma. Nakala zilikuwa saba tu, za kuazima maktaba, kwa hiyo kila kundi lilishika nakala wiki mbili na kuikabidhi kwa kundi lingine. Asiyejua kusoma asomewe. Atakayeharibu nakala, mkuu alitangaza akiwa ameinua kidole, atatoka bwenini siku hiyohiyo, maana bila nidhamu maktaba haitatuazima tena.

Makabidhiano yakawekwa getini, kwa kuwa geti halifungwi. Kashindye akapewa daftari la kuandika nani kachukua, nani karudisha, na kitabu kiko katika hali gani. Yeye aliishia darasa la nne. Kwenye nafasi ya hali aliandika neno moja, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu: KIZIMA. Kimoyomoyo alilipenda daftari lile, ingawa kwa sauti alisema wakubwa wameishiwa kazi mpaka wanawasomesha walinzi.

Kundi lao lilikuwa la wapishi, walinzi na Opiyo wa bustani. Msomaji alikuwa Awuor, mpishi mkuu, mwanamke wa Shirati mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Kila siku sufuria zikishaoshwa alipindua ndoo, akakalia, akafungua kitabu. Kilikuwa na jalada la kijani, kikihusu familia moja ya wavuvi na wakulima kando ya ziwa. Kashindye alijifanya anachokonoa meno, lakini masikio yake yalikuwa kitabuni. Hata alianza kuwahi.

Halafu ikafika sura ya tisa.

Mke wa kitabuni aliugua. Tumbo lilijaa, homa haikushuka, mwuguzi wa zahanati akasema huyu avushwe leo. Mume alikuwa na ng'ombe wa kupeleka mnadani. Awuor akasoma alichojibu mume: "Keshokutwa. Mnada ukiisha tutakwenda."

Akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akasonya. "Huyu baba angekuwa shemeji yangu, ningempikia ugali wa mchanga, na ningemsimamia aumalize."

Wote wakacheka. Opiyo akasema si wanaume wote wako hivyo, kuna mzee wetu hapa, alimbeba mkewe mgongoni. Wakageuka kumtazama Kashindye, na macho yao yalikuwa laini kama ya watu wanaotazama mtoto aliyelala. Alinyanyuka akasema anasikia honi getini. Honi haikuwepo.

Maana kivuko siku ile kilikuwepo. Kilikuja saa yake, injini nzima, na kiliwavusha bila kusubiri hata robo saa. Kilichokosekana katika simulizi yake ni siku tatu zilizotangulia. Ulikuwa msimu wa baada ya mavuno, Wagalu na Wagika wanashindana kijijini, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevutia umati upande wake. Kashindye alikuwa mpiga ngoma wa Wagalu. Hakuna kundi linalobadilisha mpiga ngoma katikati ya mashindano, ni sawa na kuwaambia wapinzani tumeshindwa. Mwuguzi alisema avushwe leo. Evelina, mkono tumboni, alisema, "Baba, twende." Naye alikuwa amekwisha kufunga njuga miguuni. Alimjibu ngoma ikiisha tutakwenda, akatoka, akapiga siku tatu, na siku ya tatu umati wote ukahamia upande wao. Walimbeba juu. Alirudi nyumbani na mbuzi wa ushindi akamkuta Evelina anamtazama bila kumjua.

Hospitali, mwuguzi wa zamu aliuliza mbona mmechelewa hivi kumleta. Hapo ndipo injini ya kivuko ilipokufa, kinywani mwake.

Siku ile ya sura ya tisa aliondoka na kitabu, kwa kuwa zamu ya kundi lao ilikuwa inaisha na nakala ilipaswa kulala getini. Alikaa kibandani akifuata mistari kwa kidole mpaka akaipata ile sura. Akasadiki kabisa kwamba wakubwa walikichagua kitabu hiki kwa makusudi. Nani anajua, pengine mkuu ana ndugu Kamanga, pengine mtu kasema. Chuo kizima kisome, kisha Ijumaa ya mwisho wasimame bwaloni mmojammoja na kumsonya mume yule, naye amekaa palepale. Akatoa wembe wake wa kunyolea. Alikata karatasi nne karibu kabisa na mshono, kwa utulivu, kama mtu anayechuna ngozi ya kuwamba ngoma. Usingeona. Alizipeleka kwenye chumba chake cha kupanga akazisukuma chini ya ngoma, iliyokuwa imeegemea ukuta kwa miaka minne.

Asubuhi kitabu kilikwenda kwa darasa la ushonaji. Aliyekuja kukichukua alikuwa Winnie, kiongozi wa kundi, msichana wa Kisesa aliyeacha sekondari kwa ujauzito, mwanawe Kevin mgongoni. Alitaka kukikagua kwanza. Kashindye alimwambia, "Nimekagua mwenyewe. Weka saini uwahi darasani."

"Ahsante, babu," Winnie akasema, akaweka saini mbele ya neno KIZIMA.

Ilipita wiki moja tu. Darasa la ushonaji lilipofika sura ya tisa likakuta ya kumi. Na msiba wao ukawa mahali walipo: darasani kwao karatasi hukatwa kutwa nzima, za vipimo, kola, mikono. Mtu akakumbuka Winnie alikata vipimo vya kaptula ya mwanawe wiki ileile. Daftari likaletwa ofisini, likasema lililosema. Mkuu hakupiga kelele. Alisema ataongea Ijumaa mbele ya wote, na baada ya hapo Winnie atafungasha. Kila mtu alijua maana yake. Baba yake Winnie alikwishamwambia asikanyage tena Kisesa na mtoto yule. Bila bweni hakuna chuo.

Kashindye alikimbilia orodha yake. Alimweleza Awuor dirishani pa jiko kwamba unaona sasa wakubwa hawa, wanamfukuza mama mwenye mtoto kwa sababu ya vikaratasi vinne.

Awuor alikuwa anachambua maharage. "Wakubwa ndio waliokata?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

Kashindye alirudi getini, na tangu hapo wapishi walipomwekea nyama ya chini ya sufuria hakuweza kuimeza, alimpa paka.

Alhamisi mchana Winnie alikuja kibandani, mtoto akichezea komeo la geti. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini aliamkia vizuri.

"Babu, sikulaumu," alisema. "Nataka tu kujua. Ulikikagua kweli?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Palikuwa pana kama uwanja.

"Kilikuwa kizima," Kashindye akasema.

Winnie akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekubali hesabu. "Basi ni Kevin. Nilikiacha kitandani siku moja, nikaenda kufua. Nitasema ni mwanangu, tuombe msamaha. Wewe huwezi kuniongopea."

Akambeba mtoto akaenda. Kashindye akabaki ameshika komeo. Aliwatafuta wa kuwalaumu, mmoja baada ya mwingine, tangu juu kabisa, na kila aliyemwita hakuja. Aliyekuja alikuwa Evelina, mkono tumboni. Baba, twende. Naye alikuwa hajapaza sauti wala kunung'unika. Alimwamini tu kwamba siku tatu si nyingi.

Ijumaa bwalo lilijaa. Mkuu alianza kwa shukrani, wanafunzi wa uashi wakazungumza, wa umeme wakazungumza, ikafika zamu ya ushonaji na Winnie akasimama, mtoto mkononi. Kabla hajafungua mdomo Kashindye alikuwa amesimama nyuma, kofia ya ulinzi kwapani, karatasi nne mkononi zikiwa zimechafuka vumbi la chini ya ngoma.

"Mheshimiwa mkuu, naomba nisome," alisema.

Mkuu alimwambia angoje zamu yake. Akasema hapana, ikishafika zamu yangu huyu binti atakuwa ameshafungasha. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

Hakuwahi kusoma mbele ya watu. Alisoma neno kwa neno, akikwama, akirudi nyuma, na mstari mmoja ulichukua muda wa watu kukohoa mara mbili. Mtu alicheka, akanyamazishwa. Mwuguzi akasema. Avushwe. Leo. Alipofika kwenye jibu la mume kidole kikasimama. Awuor, aliyekuwa karibu, alidhani amekwama, akamnong'oneza neno.

"Nalijua," Kashindye akasema. "Huyu alisema mnada. Mimi nilisema ngoma."

Akayasema yaliyobaki bila karatasi, na hayakuwa marefu. Kivuko kilikuja saa yake. Ni yeye hakuja. Karatasi alikata yeye kwa wembe, na neno la daftarini aliliandika yeye, jana tena akalirudia mbele ya binti huyu. Hakuna mkubwa yeyote aliyemwambia afanye hivyo. Alitembea mpaka mbele, akaweka karatasi mezani kwa mkuu, akatoka kurudi getini kwa kuwa hakujua mtu akishasema hivyo anakaa wapi.

Winnie hakufungasha. Mkuu alimwambia Kashindye kwamba barua yake itaandikwa, asubiri, na akasubiri. Nyama ya chini ya sufuria haikuja tena. Awuor alimpakulia kama alivyowapakulia wengine, na siku mbili hakumtania. Siku ya tatu alimuuliza Kashindye, Evelina alikuwa mtu wa namna gani, maana miaka minne mzee amewasimulia habari za kivuko tu. Kashindye akagundua hajui aanzie wapi.

Jumatatu Winnie alikuja kuchukua nakala nyingine, ya kumalizia darasa lake. Aliamkia, akaitikiwa. Kashindye alimwekea daftari na kalamu. Winnie hakuishika kalamu. Alimshusha Kevin chini, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza, akaanza kuhesabu, karatasi moja baada ya nyingine, akipitisha kidole kwenye mshono wa kila moja. Gari la kuni lilipiga honi nje ya geti. Lilipiga tena.

Kashindye alimwashiria dereva angoje. Nafasi ya hali ya kitabu aliiacha wazi, akasimama pale mikono nyuma, akamsubiri Winnie amalize.