Mama wa Mganga wa Sauti

Asubuhi moja Chinimaya alimimina chai pembeni mwa kikombe. Ikatiririka mkekani, naye bado anamimina. Binti yake Keshari akajua kwamba jicho la kushoto la mama limekwisha kufa. Alipangusa chai, akamshika mkono, akampeleka kumlaza.

Pale Patan, mji wa Nepal, nyumba yao ilisifika kwa kutibu kwa sauti. Kaka mtu, Purnaratna, ndiye aliyeianza kazi hiyo baada ya baba yao, mfua shaba, kufariki. Wageni na wenyeji walipanda ngazi, wakalala chali, naye Keshari akawapangia mabakuli ya shaba kifuani, tumboni na kando ya kichwa, akayagonga taratibu. Mlio uliingia hadi mifupani. Wenye mawazo walisinzia, wenye migongo iliyokakamaa walishukuru. Hilo halikuwa uongo. Keshari alilishuhudia miaka kumi na mmoja. Uongo ulikuwa kwenye kibao cha mlangoni, alichokiandika Purnaratna kwa mkono wake: kwamba hapo hutibiwa kifafa, sukari na uvimbe wa ubongo.

Mama kichwa kilikuwa kikimuuma tangu Dasain, sikukuu ya mwezi wa kumi.

"Kaka, tumpeleke hospitali," Keshari alisema siku ile ya chai. "Jicho moja halioni."

"Una wazimu? Mama wa Purnaratna apange foleni hospitali, mtaa mzima ukimtazama? Kesho nani atapanda ngazi hizi?"

"Mtaa hauumwi kichwa. Anayeumwa ni mama."

"Basi unampigia vibaya. Ongeza lile bakuli kubwa. Au mkono umekuwa mzito siku hizi?"

Neno hilo lilimchoma Keshari, na ubaya ni kwamba aliliamini. Akaongeza bakuli kubwa. Mama akafumba macho, uso ukalainika.

"Piga tena, mwanangu," alinong'ona. "Likinyamaza tu, maumivu yanarudi."

Akapiga. Alipiga majira yote ya baridi, asubuhi baada ya asubuhi, na kila mama aliposinzia yeye alijipongeza.

Mwezi wa pili Purnaratna alisafiri kwenda mji wa Pokhara kufundisha tiba yake. Siku ya pili yake mama akaanguka jikoni, akatetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Keshari hakumngoja mtu. Alimbeba hadi barabarani, akasimamisha teksi.

Daktari, mwanamke wa makamo, aliinua picha ya kichwa kwenye mwanga. Uvimbe ulikuwa kama tunda la lapsi, ukubwa wa ndimu.

"Kichwa kimeanza kumuuma lini?"

"Tangu Dasain."

"Na mlikuwa mnampa nini?"

Keshari akaitazama mikono yake. "Sauti."

Daktari hakucheka. Afadhali angecheka.

"Sauti humtuliza mgonjwa, dada, sikatai. Lakini uvimbe huu ulikuwa juu juu, kwenye ganda la ubongo. Mngemleta wakati ule tungeutoa, na leo angekuwa kwake anawapikia."

Siku ya tisa Chinimaya akafa, akilia kwa maumivu mpaka sauti ikamkauka.

Purnaratna alirudi, na ndiye aliyewasha moto wa kuchomea maiti ukingoni mwa mto. Akanyoa kichwa, akavaa nyeupe, na siku kumi na tatu za matanga zilipokwisha akafungua mlango. Wagonjwa walijaa kuliko kawaida. Akasimama mbele yao na zile nguo za msiba.

"Mama yangu aliikataa hospitali," alisema, machozi yakimlengalenga. "Alipanda wimbi la sauti, akaondoka usingizini, bila uchungu wowote."

Watu walilia. Mume mmoja, aliyemleta mkewe mwenye kifafa, akamgeukia Keshari. "Dada, basi vidonge tuviache?"

"Msiviache!" Keshari aliweka chini nyundo ya kugongea mabakuli. "Mama amefia hospitali, akipiga kelele. Alikuwa na uvimbe. Sisi tuliuficha kwa milio, na aliyepiga ni mimi. Ni mimi!"

Yule mume akamtazama Purnaratna. Purnaratna akatikisa kichwa polepole, kwa huruma.

"Mwieni radhi dada yangu. Msiba umempanda kichwani. Huzuni nayo ni maradhi, nitamtibu mwenyewe."

Wakapumua wote. Mume akamlaza mkewe chini.

Keshari aliondoka alasiri ile na furushi la nguo. Alipata kazi ya kung'arisha mabakuli katika karakana ya jirani, na wanawake wa kichochoroni wakawa wanamsalimia kwa upole ule wanaosalimiwa nao wagonjwa wa akili. Kibao cha kaka kilipakwa rangi upya.

Siku moja kwenye bomba la maji alikutana na yule mke mwenye kifafa. Mwanamke akaangaza huku na huku, akamsogelea.

"Bado navimeza," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu hajui. Nimevificha kwenye pipa la mchele."

"Usiache," Keshari akamwambia.

Akataka kufurahi. Mwanamke alijitwika mtungi akaenda zake, na Keshari akabaki pale, ndoo yake ikifurika, akifikiri kwamba lau angesimama hivyo mbele ya kaka wakati wa Dasain, angemwokoa mtu mmoja: mama.