Vita Yangu ya Kumtafutia Mtoto Utulivu

Zrrrp! Nilisikia zipu ya begi nikiwa bado uani. Kuingia chumbani, nikamkuta mke wangu Gaudiosa, mimba ya miezi saba, ameketi juu ya begi ili lifunge vizuri.

"Naenda Mwazye kwa mama. Nitarudi na mtoto."

"Kwa kosa gani?"

"Polikarp, hesabu mwenyewe."

Jumanne ya wiki hiyo tulikuwa tumekwenda kliniki pamoja. Nesi Albina alitueleza kwamba mama mjamzito akiishi na hofu muda mrefu, mwili wake hutoa kemikali zinazoweza kumfikia mtoto, hata kugusa ubongo wake unavyojengeka. Baadhi ya watoto hao huwa wepesi kushtuka, wagumu kubembelezwa, na darasani hawatulii. "Si lazima itokee," alisema. "Ila baba, nyumbani pawe na amani."

Mimi sifanyi jambo nusu. Jumatano nilimvaa Maganga, mwenye mashine ya kusaga jirani yetu hapa Malangali.

"Zima! Mwanangu anajenga ubongo!"

"Wa kwako ulishaisha kujengwa, mshikaji?"

Kina mama wenye ndoo za mahindi wakaangua kicheko. Tukakunjana mashati. Alhamisi nikaitawanya kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Ijumaa nikamfungia jogoo wa Mzee Felisiani ndani ya debe, na mzee mwenyewe nikamfokea bila hata shikamoo.

"Mashine ndiyo inayonilaza mchana," alisema Gaudiosa, bado yuko juu ya begi. "Ile kwaya nilikuwa naiitikia humu ndani. Anayenishtua ni wewe. Lete mkono."

Nikauweka tumboni. Mtoto katulia.

"Sema kama ulivyomwambia Maganga."

"ZIMA!"

Nikapigwa teke la kiganjani ambalo sijawahi kupigwa hata uwanjani.

Mama yangu, Kristiana, alikuwa mlangoni, ameshikilia ufagio. "Msamehe, mwanangu. Nikiwa na mimba yake, baba yake aliondoka bandari ya Kasanga na boti ya mizigo, miezi miwili sina habari kama yu hai. Huyu alizaliwa analia, akaendelea."

Na mimi miaka yote nilidhani moto huu ni kipaji!

"Pole, mama," Gaudiosa akajibu. "Lakini wa hivi mmoja ananitosha."

Nje bodaboda alipiga honi. Mke wangu akanyanyuka, akashika begi. Nikapiga magoti, mdomo karibu na tumbo lake, nikanong'ona.

"Sikusikii," alisema. "Sema wote tusikie. Kwa upole."

Kuongea kwa sauti na kwa upole pamoja! Jasho lilinitoka, na baridi yote hii ya Ufipa.

"Wewe uliye humo, mimi ni baba yako. Leo hii namwomba Maganga msamaha, kisha wanakwaya, kisha Mzee Felisiani. Hasira ikinipanda tena nitatoka, nitalima mpaka ishuke, hata kama ni shamba la mtu. Mama yako sitamshtua tena."

Gaudiosa akaliweka begi chini, akasema, "Anza na Maganga; bodaboda atasubiri."