Jino la Ngiri wa Semuliki

Hulda alirudi kutoka Musienene, alikokwenda siku tatu kupanda maharagwe, akalikuta kasha la chini ya kitanda chake tupu. Ndani yake aliweka mifupa ya wanyama wa kale, mifupa iliyogeuka jiwe, mizito na myeusi. Aliilinda tangu watafiti wa Kizungu walipoondoka bonde la Semuliki kabla ya vita. Askari wa makundi matatu walikwisha kuipekua nyumba hiyo hapo Butembo. Waliiba masufuria, wakaiba hata shuka, mifupa wakaiacha. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Mdogo wake, Zorobabel, shemasi wa kanisa, mtu wa kusali hadi jasho limtoke, alikuwa uani anakula viazi. Vidole vyake vilijaa vumbi la kijivu. Nyundo ililala kando ya sahani.

“Yaya, dada yangu, usikasirike,” akasema, mdomo umejaa. “Ile iko mifupa tu. Lakini iko mizito, na nyeusi sawa madini ya koltani. Nilivunja-vunja, nikachanganya mu magunia yangu ya kuuza. Batu bote banafanya vile sasa.”

Akalamba kidole kimoja, vumbi na yote, akaendelea kula. Hulda aliona kinyaa cha kweli, kile cha kujaza mate mdomoni.

Kwa miaka saba yeye ndiye aliyeiosha mifupa ile, akapaka kila mmoja mstari mwembamba wa rangi nyeupe, na juu yake akaandika namba kwa wino. Namba ilisema mfupa ulitoka tabaka gani la udongo. Bila namba, mfupa ni bubu. Profesa, mkuu wa watafiti wale, alimfundisha kusoma meno: mnyama wa meno mafupi alikula majani ya miti, mwenye meno marefu alikula nyasi, maana nyasi hulisaga jino mpaka liishe. Na meno ya Semuliki yalikuwa marefu. Huko chini ya Beni, ambako watu huapa kwamba msitu upo tangu Mungu aumbe dunia, palikuwa na mbuga wazi ya nyasi. Hulda alimwahidi profesa kwamba siku akirudi ataikuta mifupa kama alivyoiacha. Ahadi hiyo tu ndiyo vita ilikuwa haijamnyang’anya.

“Magunia iko wapi?”

“Rughenda. Inangoja ndege.”

Alikwenda kwa miguu bila hata kunywa maji. Kwenye uwanja wa ndege magunia yalipangwa kando ya njia, na mnunuzi, jina lake Maliro, alikaa mbele ya mizani akitafuna karanga na kutema maganda juu ya viatu vyake mwenyewe. Nyuma yake askari alipiga miayo.

“Magunia ya Zorobabel iko na mifupa ndani,” Hulda akasema kwa sauti. “Anakuibia.”

Alijua kwamba kwa neno hilo mdogo wake angeweza kuchapwa fimbo hadharani. Alilisema hivyo hivyo, na hakujipenda.

Maliro akacheka. “Mama, minajua. Nani hapana changanya? Huyu anatia mifupa, mwingine anatia machanga. Mi pia niko natia yangu. Na kule inaenda, nao batatia.”

Askari naye akacheka. Hulda akangoja mtu mmoja akasirike, mmoja tu. Hakuna aliyekasirika. Uwanja mzima ulimnukia kama nyama iliyooza.

Akafungua gunia, akazamisha mikono. Miaka yake saba ilikuwa kokoto. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeishinda nyundo: jino la ngiri wa kale, refu kama kiganja chake, na namba yake bado inasomeka yote.

Maliro alimpokonya, akaliweka kwenye mizani. “Kilo ya gunia imeisha kuandikwa. Basi, chukua jino yako, lete jiwe ya uzito ile ile.”

Hulda akatafuta kando ya uwanja, katikati ya maganda na mavi ya askari. Jiwe la kwanza lilikuwa jepesi, akarudishwa. La pili likalingana. Lilikuwa jeupe mno, lingeonekana. Basi, bila kuambiwa na mtu, aliomba nyundo, akalivunja, akalipakaa tope jeusi, akalimimina ndani ya gunia na kulichanganya kwa mkono wake mpaka chini.

“Vizuri, Mama,” Maliro akasema. “Unajua kazi.”

Hulda akalichukua jino lake, lakini hakufika mbali. Alitapika pale pale nyuma ya magunia, ameinua mkono mmoja juu ya kichwa ili jino lisichafuke.