Moto Anaousema Mansour

Baada ya kiharusi Mansour alibakiwa na maneno manne: ndiyo, basi, yoti na moto. Mengine yote yalikwama. Ulimwona akiyatafuta, mdomo ukichezacheza, kisha akachoka na kufumba macho.

Hilo la moto lilianza wiki ambayo betri za yoti ziligoma. Dada yake, Mashavu, aliyekuja kutoka Bwejuu kusaidia kuuguza, alidhani kaka yake anaona joto. Kila akisema moto, Mashavu alifungua dirisha na kuwasha feni.

"Michenzani hamna upepo, kaka. Mnaishi kwenye maghorofa kama makabati," alimwambia. "Kwetu ungelala ukajifunika shuka."

"Moto," alisema Mansour, akamtazama mkewe.

Nusrat naye alikuwa na tafsiri yake. Alidhani mumewe anauliza kama betri ina moto, yaani kama umeme umo.

"Umo, Mansour. Nimepima mwenyewe. Umo kidogo, lakini umo."

Mansour alitikisa kichwa kwa hasira, akageukia ukutani.

Yoti, mashua yao ya matanga, ilikuwa kuukuu, ya faiba, imetia nanga pwani ya Mtoni. Mzungu mmoja aliitelekeza ikiwa tupu ndani, na Mansour alitumia miaka yake ya nguvu kuitengeneza. Nyaya zote alizipitisha yeye, nyuma ya mbao, chini ya vitanda, na hakuchora popote. Ramani ilikuwa kichwani mwake.

Tatizo la yoti lilikuwa maji. Pale chuma cha rafadha, panga linalosukuma chombo, kinapotokea nje, mpira ulikuwa umechakaa na maji yalipenya polepole mpaka kwenye ngama, kule chini kabisa ya chombo. Pampu ya umeme iliyatoa. Kubadilisha mpira kulitaka yoti ipandishwe mchangani, na kwa mkuku wake mrefu wa chini isingepanda ila kwa maji makubwa ya bamvua. Mpaka bamvua, pampu lazima ifanye kazi. Ikisimama usiku mzima, yoti inazama. Nusrat hakuwa na jambo jingine kichwani.

Kila asubuhi alimwosha mumewe, akamgeuza, akamlisha uji, kisha akaenda Mtoni kufua maji ya ngama kwa ndoo. Silima, fundi wa sola aliyekaa jengo la pili, alikwenda naye kila alipopata nafasi, na usiku mwingine alikesha humo akiangalia maji. Alikuwa mtu wa maskhara, hata pale ambapo maskhara hayakufaa.

"Betri hii kama mpwa wangu, Bi Nusrat," alisema siku ya kwanza, ameinama na mita yake. "Unampa chakula kutwa, ukimtuma dukani anasema hana nguvu."

"Basi mpime huyo mpwa wako vizuri."

Walipima. Kwenye paneli za sola za yoti, umeme ulitoka wa kutosha. Kwenye mashine, altaneta, dinamo yake ya kuchajia, ilitoa volti kumi na nne na ushei, kama inavyotakiwa. Kwenye betri yenyewe, kumi na mbili kasoro. Silima akahukumu kuwa betri zimekufa, akaleta nyingine iliyotumika, aliyoitoa kwenye nyumba ya shemeji yake. Mchana ilionekana nzima. Asubuhi ya pili pampu ilikuwa inakoroma tu, na maji yamefika kwenye mbao za sakafu.

Akabadilisha kidhibiti cha sola. Hali ile ile.

Mashine hawakupenda kuiwasha kwa muda mrefu, kwa sababu ilizungusha chuma cha rafadha, nacho kikizunguka maji yaliingia zaidi. Waliiwasha, wakapima, wakaizima.

"Labda nikubali tu sijui," alisema Silima siku hiyo, bila maskhara. Nusrat hakumlaumu. Hata yeye alikuwa hajui, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kamba ya ndoo.

Jioni ile alimpelekea Mansour chai. Aliileta ikiwa ya moto mno, akaiweka kando ipoe. Mansour akanyoosha mkono wake mzima, akamshika Nusrat kidole, akakiburuta mpaka kwenye kikombe na kukikandamiza hapo.

"Moto," alisema.

"Mansour, unaniunguza!"

"Moto. Yoti."

Mashavu alikwishainuka kwenda kwenye feni.

"Wifi, acha feni," alisema Nusrat. Alibaki amekitazama kidole chake. "Haulizi. Ananambia niguse. Nipapase nyaya, nitafute penye moto. Ndivyo, Mansour?"

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Machozi yakamtoka upande mmoja wa uso.

Kesho yake waliwasha mashine na hawakuizima. Silima alipapasa waya mmoja, Nusrat mwingine, sentimita kwa sentimita, kama wanaotafuta sindano kwenye godoro. Baridi. Baridi. Baridi. Nyuma ya ngazi palikuwa na swichi kubwa nyekundu, ambayo njia ya mashine na njia ya sola zote zilipitia kabla ya kufika kwenye betri. Nusrat alipeleka mkono nyuma yake, akaurudisha kwa kelele.

"Hapa! Hapa panawaka!"

Silima aliifungua. Kichwa cha waya kilikuwa kimeliwa na chumvi, kijani kitupu. Umeme ulifika hapo ukageuka joto. Ng'ambo ulivuka kidogo tu. Walikata, wakapiga msasa, wakakaza bolti upya. Silima akaweka mita kwenye betri, akaigeuza ili Nusrat aone. Kumi na nne.

"Mumeo ni mchawi," alisema Silima. "Kalala Michenzani, kaona Mtoni."

Waliiacha mashine ikiunguruma mpaka alasiri, ili betri zishibe. Walipoizima, mita ilisoma kumi na tatu. Pampu ilitoa maji kwa nguvu ambayo Nusrat alikuwa ameisahau. Silima alisema angelala pale kwa tahadhari. Nusrat alimtazama macho yake mekundu, akakumbuka usiku ambao mtu huyu hakulala kwa ajili yao.

"Nenda kwako, Silima. Mkeo atasahau sura yako."

Wakaondoka wote.

Nyumbani alimsimulia Mansour kila kitu, swichi, kijani, msasa, na Mansour akacheka kicheko kilichopinda, cha kwanza tangu augue. Mashavu alipika wali kwa nazi, akasema leo nyumba imepata roho.

Asubuhi nahodha mmoja wa ngalawa pale Mtoni alimpigia Nusrat simu. Alimsalimia kirefu mno, na Nusrat akajua.

Mtoni alikuta mlingoti umelala upande, ncha tu na sehemu ya kamba vikionekana. Aliingia majini mpaka magotini, akasimama. Silima alikuja mbio, akasimama nyuma yake.

"Pengine betri zilikaa na njaa mno," alisema baadaye. "Zilionyesha zimejaa, kumbe juu juu. Au mashine. Tuliizungusha kutwa, mpira ukafunguka zaidi, pampu ikashindwa." Alipangusa uso. "Ningelala mle, Bi Nusrat."

"Mimi ndiye niliyekwambia uende."

"Ningelala."

Ndoo ya Nusrat ilikuwa inaelea karibu na ufuo, na hakuna aliyekwenda kuichukua.

Mansour alikuwa ameamka Nusrat alipofika nyumbani. Mashavu alikuwa amemnyoa ndevu na kumvisha kanzu safi, maana mgonjwa, kwa maelezo yake, leo alistahili kupendeza. Mansour aliitazama nguo ya mkewe iliyoloa mpaka magotini, mchanga miguuni. Nusrat alikuwa amepanga maneno njia nzima kutoka Mtoni: kwamba itainuliwa, kwamba watu wataitwa, kwamba faiba haiozi. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Imezama," alisema.

Mansour hakulia. Mdomo ulicheza kidogo, ukatulia. Kisha, kwa mguu mmoja na mkono mmoja, taabu tupu, alijisogeza kuelekea ukutani, akamwachia mkewe nafasi kwenye godoro.

Nusrat akalala hapo, na maji yake na mchanga wake. Mashavu aliingia na chai, akaanza, "Wifi, shuka nimelifua juzi—" akarudi na trei yake, akaurudishia mlango.