Rambirambi za Mwalimu Mauza

Masika ya mwaka ule yaliushika mji kwelikweli. Jangwani palijaa maji, mitaa ya Kariakoo ikageuka tope, na katika chumba cha Mwalimu Mauza binti Hashil, Mtaa wa Sikukuu, hapakuwa na nguo hata moja iliyokauka sawasawa. Asubuhi moja aliamka kabla ya adhana, akawasha jiko la mkaa uani na kubandika sufuria mbili. Moja ilikuwa ya uji wa muhogo, chakula cha watoto. Ya pili ilikuwa ya wanga, wa muhogo vilevile, wa kupigia gauni lake la kazi. Taa ilikuwa imekwisha mafuta, na mwanawe mdogo, Mwinyimvua, alikuwa analia mgongoni. Basi gauni likapata uji wenye sukari, na watoto wakapata wanga.

Alipopiga pasi aliona kitambaa kinanata, akadhani ni unyevu wa mvua. Alikuja kujua darasani, jua lilipochomoza kidogo na nzi wakaanza kumwandama. Kwanza walikuja wawili watatu, halafu wakaja kama walioalikwa. Alihama dirishani akaenda mlangoni, nao wakahamia naye. Wasichana wa darasa la nne waliinamisha vichwa juu ya madawati, mabega yakitikisika. Na somo la siku hiyo, aliloliandika mwenyewe ubaoni kwa mwandiko mzuri, lilikuwa kufua nguo na kuzipiga wanga.

Kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: maarifa ya nyumbani. Aliwafundisha watoto wa watu kupika, kushona, kulea na kupanga nyumba, na hapakuwa na mwalimu mjini aliyekuwa na nyumba iliyovurugika kama yake. Mumewe, Muhiddin, karani wa bandarini, alikuwa amepelekwa hospitali ya kifua huko bara tangu mwaka uliopita, na hakuna aliyeweza kumwambia Mauza lini atarudi, au kama atarudi. Baba yake, Mzee Hashil, mwenye duka Bagamoyo, alikwisha sema kwamba mwanamke anayekwenda kazini na mume mgonjwa anajitafutia aibu, na tangu hapo hakumtumia hata salamu. Mchana Mwinyimvua alikaa na Candida, jirani wa chumba cha pili, ambaye alikuwa na watoto wake watatu wa kuangalia. Mauza alilala kidogo na kukimbia sana. Wiki moja alifika shuleni na kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili. Wiki nyingine aliingiza mkono kikapuni kutoa kitambaa cha kufutia ubao, akafuta ubao mzima kwa winda la mtoto kabla hajagundua. Wasichana walikuwa wakisimuliana vituko hivyo njiani, na kila mmoja alivipeleka nyumbani kwao.

Mmoja katika wasichana hao hakucheka. Alikaa dawati la mwisho, mwembamba, kazisuka nywele zake mwenyewe, akiangalia kidole gumba chake. Huyo alikuwa Mwanamize, binti yake Mauza, miaka kumi. Shuleni alimwita mama yake Mwalimu, kama wenzake. Asubuhi alitangulia kutoka nyumbani ili wasifike pamoja, na Mauza alidhani mtoto anapenda kuwahi.

Ilikuwa sokoni ndipo alipoujua ukweli. Alipita Kariakoo jioni kutafuta mchicha, akafika kwa mama mmoja mkaanga samaki ambaye binti yake alisoma darasa moja na Mwanamize. Yule mama alipomwona aliweka upawa chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akamshika vidole.

"Pole sana na msiba, mwalimu," alisema. "Binti yangu kaniambia juzi tu. Mamake Mwanamize, maskini, na mtoto mchanga kamwacha. Na wewe shangazi mtu umewabeba wote wawili, na kazi juu."

Mauza alifikiri amesikia vibaya. Alimtazama yule mama usoni, akaona macho yamelengwa na machozi ya kweli. Angeweza kusema pale pale kwamba mamake Mwanamize ndiye huyu aliyesimama mbele yake na tope hadi kwenye vifundo. Lakini angemwambia hivyo, mtoto angekuwa mwongo soko zima kabla ya magharibi.

"Nishapoa," akajibu.

Yule mama akafunga vipande vinne vya nguru kwenye karatasi, akavisukuma ndani ya kikapu, akakataa katakata kulipwa. Alisema hiyo ni rambirambi. Mauza aliondoka amebeba chakula cha matanga yake mwenyewe, na katika njia nzima hakujua aanze kulia au kucheka. Usiku ule walikula nguru. Walikuwa hawajala samaki mzuri kama yule kwa muda mrefu. Mwanamize aliomba kipande cha pili, akapewa. Mauza alimwangalia akichambua miiba kwa uangalifu, na kila alipotaka kufungua kinywa alijiona hana la kusema ambalo lisingekuwa lawama. Akaosha vyombo.

Halafu ikaja siku ya mgeni. Mke wa bwana mkubwa mmoja wa serikali alitaka kuona wasichana wanavyofundishwa malezi, na Mwalimu Mkuu, mama wa Kipare aitwaye Elisaria, ambaye hakupenda mambo yaende ovyo, alitaka somo la kumwogesha mtoto. Shule ilikuwa na mwanasesere wa karatasi ngumu kwa kazi hiyo. Asubuhi ya siku yenyewe Mauza alifungua kabati akakuta paa limevuja: mwanasesere amevimba, na kichwa kimeachana na shingo. Mgeni alikuwa tayari njiani. Mauza akamtuma mtu kwa Candida, amlete Mwinyimvua upesi.

Mwanzo wa somo haukuwa mbaya. Karai lilikuwa safi, maji yalikuwa ya vuguvugu, na mtoto alikaa ndani akipiga maji kwa viganja. Mgeni, bibi mrefu wa Kizungu mwenye kofia nyeupe, alisogea karibu, akainama. Mwinyimvua akaivuta kofia ikaingia karaini, na kabla haijatolewa akaikojolea. Yule bibi, kwa kweli, alikuwa mtu mwema; alicheka, akaiachia kofia ielee, akauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni:

"Mtoto huyu ni wa nani?"

Mauza alinyanyua macho. Mwanamize alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, uso umemwiva, midomo imekauka. Pembeni yake alikuwapo binti wa mkaanga samaki. Mauza hakufikiri sana.

"Ni mtoto wa wifi yangu," alisema. "Marehemu."

Candida, aliyekuwa mlangoni ameshika taulo, alifanya ishara ya msalaba. Mgeni akaweka mkono kifuani, akasema pole, pole sana. Na Mwinyimvua, ambaye hakuwa amenyonya tangu alfajiri, alisikia sauti ya mama yake karibu, akasimama karaini, akalikamata gauni kwa mikono miwili iliyolowa.

"Nyonyo," alisema. "Mama, nyonyo."

Mauza alijaribu kumkalisha. Mtoto akalia, na kilio kile kilipoanza tu, maziwa yakamtoka mama yake, yakalowanisha gauni kifuani, madoa mawili yakipanuka mbele ya darasa zima. Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Wasichana walicheka hadi wengine wakakaa sakafuni. Katika kicheko hicho Mauza alimwona Mwanamize akipita ukutani, akimpita Candida, akitoka nje kwenye mvua. Hakuweza kumfuata. Alimtoa mtoto majini, akamkausha mikunjo ya shingo na ya mapaja, akieleza kila hatua kwa sauti kubwa, mpaka somo likaisha.

Mwalimu Elisaria hakumfokea. Alifunga mlango wa ofisi na kusema uji, nzi na viatu alivivumilia, kwa kuwa anajua mzigo alionao. "Lakini leo umejifisha mwenyewe mbele ya mgeni, Mauza. Kwa nini?" Jibu lilikuwapo, ila lilikuwa la mtoto wake, na hakuwa tayari kulitoa kwa mtu. Akaambiwa kwamba mwanzoni mwa mwezi atahamia Buguruni, kwenye shule ndogo, akafundishe hesabu watoto wa darasa la kwanza. Huko hapakuwa na maarifa ya nyumbani.

Alimtafuta Mwanamize mtaa kwa mtaa, buibui limemganda mwilini kwa maji. Alimkuta katika duka la vitambaa la Ranjanben, ambaye Mauza alizoea kununua kwake uzi wa shule. Mama yule wa Kihindi alikuwa amemkalisha mtoto juu ya robota la kitambaa cha marekani na kumfunika shali. Alipomwona Mauza alinyanyuka, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto amekataa chai, akaenda nyuma kwa mumewe, Ramniklal, akawaachia duka.

Mauza alikaa kwenye robota.

"Walikuwa wanacheka," alisema Mwanamize. "Siku ya nzi. Nikasema wewe si mama yangu, ni shangazi. Wakauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema amekufa." Alijifuta pua kwa shali. "Wakanyamaza wote. Hawakucheka tena siku ile."

"Najua, mwanangu. Nilipewa pole."

Mtoto aligeuka kumtazama. "Nani kakupa?"

Mauza akamweleza kuhusu samaki. Mwanamize alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kulia, kilio kisicho na sauti, na Mauza hakujua analilia nini hasa: uongo, au nguru, au baba aliyeko mbali. Pengine hata mtoto hakujua. Mauza akamwambia kuhusu Buguruni. Alitegemea kuona nafuu katika uso ule, akajiandaa kuivumilia. Nafuu aliiona kweli, ikapita haraka, na baada yake ukaja woga.

"Nitabaki peke yangu na wao," alisema Mwanamize.

"Utabaki."

Hakuwa na njia nyingine. Kwa Mwanamize kulikuwa na darasa la nne na la tano hapo Kariakoo. Buguruni hapakuwa na hata la tatu.

Mwezi ulipoanza kila mmoja alishika njia yake. Mauza alitembea hadi Buguruni kwenye tope, akaingia katika chumba cha watoto wadogo waliomkodolea macho. Chaki ilimvunjikia mkononi, akajikwaa kwenye mguu wa meza, rundo la vitabu likaanguka. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wadogo mno, na waliogopa. Aliokota vitabu kimoja kimoja, na kimya kile, alichokiomba kwa muda mrefu, kikamkaa vibaya kifuani.

Mwanamize hakusimulia nyumbani alichoambiwa na wenzake. Aliulizwa, akasema hakuna kitu. Lakini jioni moja Mauza alirudi amechelewa, akakuta jiko la uani limewashwa na binti yake amechuchumaa mbele yake, macho mekundu kwa moshi, Mwinyimvua kamfunga mgongoni kwa khanga. Alikuwa amepika wali. Ulikuwa umeungua chini na mbichi juu, na chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili. Walikaa mkekani, wakala. Mauza alitafuna ule ukoko mweusi polepole, akasukuma sahani mbele, akaomba aongezewe.