Mtoto wa Hartcleugh

Bwana Fergus Lorimer aliandika kila kitu. Aliandika mashairi, aliandika riwaya mbili ambazo sijakutana na mtu aliyezimaliza, alifasiri vitabu vya Wagiriki wa kale, alibishana magazetini kuhusu mizimu, na kila mwaka alitoa makala kuhusu uvuvi wa samaki wa mtoni kwa ndoana ya manyoya. Sisi wa bonde la Ettrick tulimjua kwa hilo la mwisho tu. Watu walisema hata samaki wanamjua, ndiyo maana hawamsogelei.

Mama yangu, Grizel Oliver, alikuwa mjane wa mchunga kondoo. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba la Hartcleugh, mali ya mzee Archibald Purdom, ambaye baba alimchungia kondoo hadi alipokufa. Mimi ni Effie. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nami nilikuwa mchumba wa Wat, mwana wa mzee Purdom. Tulikubaliana tufunge ndoa mwezi Juni wa mwaka uliofuata, kondoo wakishakatwa manyoya.

Agosti ile mvua ilinyesha wiki nzima na mto ukachafuka, haukuvulika. Bwana Lorimer akawa anakuja kwetu kila siku baada ya chakula cha mchana, anakaa karibu na moto, daftari gotini, na mama anamsimulia. Hadithi za mama bonde zima lilizijua, lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikiliza kwa penseli. Tangu baba afe hakuwa amecheka vile. Alianza hata kuvaa kofia yake ya kanisani siku za kazi.

"Bi Grizel," Bwana Lorimer akamwambia siku ya tano, "zote ulizonipa ni tamu. Nipe moja isiyotiwa asali."

"Hiyo itakuuma tumbo, bwana."

"Tumbo langu limelishwa chakula cha chuo miaka minne. Halishtuki."

Mama akacheka. Mimi nilikuwa nachambua sufu, nikajua anakwenda kutoa ipi. Nikamkazia macho. Hakunitazama.

Akamsimulia juu ya mama mmoja aliyezaa mtoto wa kike. Mtoto akafika miaka mitatu, hatembei, hasemi, analia tu. Majirani wakasema huyu si wako, watu wa chini ya kilima, wale wasioonekana, wamemchukua wako wakakuachia wa kwao. Mpeleke nje kilimani umwache hadi alfajiri, nao watakurudishia aliye wako. Ilikuwa Novemba. Mama yule alimpeleka. Alfajiri walimkuta mtoto yuleyule, amekakamaa kwa baridi.

Bondeni wanawake tuliisimulia hiyo, lakini bila majina. Kila mtu alijua ni ya nani, na kwa kuwa kila mtu alijua, hapakuwa na haja ya kusema.

"Ni hadithi tu hiyo, au ilitokea?" Bwana Lorimer akauliza.

Hapo ndipo mama alipoponzwa na sifa. Alitaka aaminiwe. "Ilitokea," akasema. "Hapo Hartcleugh. Aliyeshika kandili kuwaangazia njia alikuwa kaka wa yule mtoto, ana miaka sita. Ndiye huyu mwenye nyumba hii uliyoketi."

Penseli ikawa inakimbia. Mama akashtuka, akaweka mkono juu ya daftari. "Usiandike jina la shamba, bwana. Mzee yu hai."

"Naapa kwa heshima yangu, Bi Grizel," akasema, na akafunga daftari taratibu, kwa adabu, kama anavyofunga mtu Biblia.

Mwezi Februari, Jumapili baada ya ibada, mzee Purdom aliingia jikoni kwetu bila kubisha. Alikuwa na theluji mabegani na hakuikung'uta. Kasisi wetu alikuwa msomaji wa jarida moja la wasomi, na mle alikuta makala ya Bwana Lorimer kuhusu imani ya watoto wa kubadilishwa. Kwa nia njema, maana kasisi yule kila kitu alikifanya kwa nia njema, alikuwa amempa mzee pole mlangoni pa kanisa, mbele ya watu.

"Grizel," mzee akasema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Archie."

"Mumeo alipougua nilimwita daktari kutoka Selkirk. Nimekuacha kwenye nyumba hii miaka minane. Nimekukosea nini?"

Mama alikuwa ameshika kijiko cha uji, na uji unadondoka sakafuni. "Aliniahidi hataandika jina."

"Nilikuwa na miaka sita," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Niliambiwa shika kandili, nikashika. Nikamsikia analia tulipokuwa tunarudi. Hilo hukumwambia, kwa sababu hulijui. Hakuna alijuaye. Mwandikie basi, akaliongeze."

Akatupa hadi mwisho wa Mei tuhame.

Wat nilimkuta kesho yake kwenye zizi la mawe. Hakuinua uso.

"Baba amesema yeye au wewe," akaniambia.

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema sawa, baba."

"Basi? Sawa, baba? Wat, mimi ndiye niliyesimulia?"

"Ulikuwepo, Effie. Ungeweza kumziba mdomo."

Nilikuwa nimejiambia maneno hayohayo usiku kucha.

Tulihamia Galashiels, kwenye viwanda vya sufu. Mimi niliwekwa kwenye mashine ya kusokotea, mama akapewa kazi ya kuchambua sufu chafu. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Wasichana wa kiwandani waliposikia kwamba anajua hadithi walimzunguka wakati wa mapumziko. "Hebu tupe moja, bibi!" Mama akawaambia wamemfananisha na mtu mwingine.

Oktoba nikaona kwenye gazeti kwamba Bwana Lorimer atahutubia Edinburgh. Nikaomba ruhusa, nikapanda treni. Ukumbi ulijaa mabibi wenye kofia za manyoya. Aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema hadithi za wanyonge ni hazina ya taifa, na kwamba anayezihifadhi anawapa heshima wasio na kaburi la kuandikwa jina. Watu wakapiga makofi. Mimi pia mikono yangu iliinuka kabla sijaizuia.

Baadaye nilimfuata chumba cha nyuma. Nilitaka awe mtu mbaya. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya. Badala yake alinishika mikono yote miwili.

"Binti wa Bi Grizel! Sauti ile! Hajambo mama?"

Nikamweleza. Nyumba, mzee, Wat, sufu chafu. Aliketi, uso ukampauka, na nadhani machozi yalimlenga kweli.

"Uliahidi, bwana."

"Niliahidi. Lakini binti yangu, simulizi bila mahali ni porojo. Wenzangu wangenicheka. Niliandika shamba tu, jina la ukoo nikaweka herufi moja."

"Shamba lile lina ukoo mmoja."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Sikuliwaza hilo. Nilikuwa na kitabu cha Wagiriki cha kumaliza wiki hiyohiyo."

Nikamwomba aifute. Akasema jarida limekwisha kusambaa, haliitwi likarudi. Kisha uso wake ukang'aa ghafla, kama mtoto aliyepata jibu darasani. "Natengeneza kitabu cha watoto cha Krismasi. Nitaiweka humo, bila jina lolote, na nitaipa mwisho mwema. Mwambie mama. Itakuwa zawadi yangu kwake."

Alitimiza ahadi, hiyo alitimiza. Kitabu kilikuja kwa posta Desemba, jalada jekundu, picha kila baada ya kurasa chache. Mama hakujua kusoma, nikamsomea. Alfajiri mama wa kwenye hadithi anapanda kilima, na kwenye nyasi amekaa mtoto mwenye mashavu mekundu, anacheka, anamnyooshea mikono.

"Amemrudisha?" mama akauliza.

"Amemrudisha."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Mama akageukia ukuta ule wa dirishani.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivyo," akasema.

Kitabu nilikitupia motoni siku hiyohiyo, na hakuniuliza kiko wapi. Aliishi miaka minne zaidi, akikohoa vumbi la sufu, na sikumsikia akisimulia tena, hata habari za sokoni. Tulimzika Galashiels, si bondeni alikolala baba, kwa sababu kumzika bondeni kungetulazimu kupita Hartcleugh.

Wat nilikutana naye baada ya hapo, siku ya mnada wa sufu. Alikuwa amenenepa, ana mke kutoka Hawick na watoto wawili. Akavua kofia akanipa pole ya mama. Nami nikampa pole ya baba yake, aliyekufa kipupwe kilichopita.

"Alikwenda kwa amani," Wat akasema. "Kuna kitabu mke wangu alikinunulia watoto, kile chekundu cha Lorimer. Mzee akakikuta mezani. Tangu siku hiyo hakikutoka kitandani kwake. Kila jioni ananiambia nimsomee pale mtoto anapocheka. Mtu mzima, Effie, analia kama nini. Alimwandikia Bwana Lorimer barua kumshukuru. Na bwana akamjibu, ukurasa mzima."

"Alimshukuru?"

"Alisema amemtua mzigo wa miaka sitini."

Watu walikuwa wanapita na marobota, tukasogea pembeni.

"Na mama yangu?" nikauliza. "Alimtaja?"

Wat akaizungusha kofia mikononi, na nikaona jinsi anavyotamani angejua kudanganya.

"Alisema nyumba ile tusimpe tena mtu mwenye mdomo."

Nikamwambia nimechelewa kazini. Akasema asante kwa kuongea naye. Nikarudi kiwandani, nikasimama kwenye mashine yangu, na hadi kengele ya jioni ilipolia nilikuwa nimekata nyuzi tatu, jambo ambalo msimamizi aliliandika.