Bonde Lisilo na Mwenyewe

Kwa miaka thelathini Lola Tansing alilala katika mji mmoja na kuamka katika mwingine bila kuinua mguu. Kibanda chake kilikuwa katikati ya bonde la Lipata. San Eusebio walisema bonde ni lao, Santa Perpetua nao wakasema ni lao, na kila upande ulikuwa na jiwe lake la mpaka ambalo ulilisogeza kidogo kidogo kwa mwenzake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sikukuu ya mtakatifu wa huku ajuza alikula nguruwe wa kuchoma, na ya mtakatifu wa kule akala tena. Krismasi alipata mchele mara mbili, mfuko mmoja una picha ya Meya Honorato, mwingine ya Meya Remedios, naye akawasifu wote bila upendeleo.

Basi Jumatatu moja asubuhi aliwakuta vibarua wanne wa San Eusebio wakihema na jiwe lao. Safari hii walikuwa wakilirudisha nyuma, ng'ambo ya kijito.

"Enyi, mnalipeleka wapi?"

"Nyumbani, Lola."

"Na mimi?"

Wakatazamana. "Wewe kawaulize Santa Perpetua."

Mchana wale wa Santa Perpetua nao wakaja, wakalibeba la kwao hadi juu ya kilima, mbio mbio kama wezi. Hapo akajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mkoa uliamuru halmashauri tatu, hizo mbili na ya Tagbak iliyoko pwani, zipitishe kwa pamoja mpango mmoja wa taka, na dampo liwe moja. Lumibao, mhandisi wa mkoa, alikuwa amepima kila mahali na kuona panapofaa zaidi ni Lipata. Kilichobaki ni mji wenye bonde kutia saini ya mwenyeji. Kuanzia siku hiyo, bonde lililogombewa miaka yote likakosa mwenyewe.

Lola Tansing aliketi mlangoni, akaitazama chemchemi yake, migomba yake, na nguzo alizosimamisha marehemu mumewe kwa mikono yake. Aliogopa, tusidanganyane. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na safari hii nyasi ilikuwa yeye. Lakini mtu hali sikukuu mbili kwa miaka thelathini kama hana akili.

Ijumaa halmashauri zikakutana Tagbak, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa la bati na joto la tanuri. Lola akaketi mstari wa mbele na kikapu cha suman, wali mtamu wa kufungwa kwa majani ya mgomba, akawagawia madiwani mmoja mmoja. Nani angemfukuza?

Meya Honorato wa San Eusebio akaanza kwa sauti ya kanisani. "Kihistoria, Lipata ni ya ndugu zetu wa Santa Perpetua. Tumeitamani, sikatai, lakini cha mtu mavi."

"Ala! Leo nimekuwa ndugu yako?" Meya Remedios akadakia. "Mwaka jana si uliniita mwizi wa ardhi redioni? Haya, mwizi ametubu. Anarudisha!"

Uwanja ukaangua kicheko. Lola akainua mkono.

"Wanangu, mimi mzee, nasahau. Niandikieni."

"Tuandike nini, Lola?"

"Hayohayo mnayosema. Kila mmoja aandike kwamba Lipata si yake, madiwani wapige kura, mgonge na mhuri. Nisije kesho nikabisha mlango usio wangu."

Ombi likawafurahisha, maana kila upande ulijiona umemnasa mwenzake. Madiwani wa San Eusebio wakainua mikono, wote. Wa Santa Perpetua wakainua, wote, hata aliyekuwa amesinzia. Mhuri ukagongwa mara mbili. Lola akazipitia karatasi kwa kidole, kisha akampelekea mhandisi.

"Mwanangu Lumibao, hapa mwenyeji nani?"

Mhandisi akasoma. Akafuta miwani, akasoma tena. "Hakuna."

"Na bila saini ya mwenyeji?"

"Bila saini hatuchimbi hata shimo la panya." Akafungua orodha yake. "Basi tunakwenda pa pili. Machimbo ya kokoto ya Dulangan, San Eusebio."

Meya Honorato akainuka hadi kiti kikaanguka. Dulangan ilikuwa nyuma ya mabanda ya majogoo wake wa kupigana, mia mbili na ushee, aliowapenda kuliko wapiga kura. "Ngoja kwanza! Nikifikiri vizuri, Lipata..."

"Umeshagonga mhuri, Meya!" Remedios alicheka mpaka machozi. "Pole sana, ndugu yangu!"

"Na magari yote," mhandisi akaendelea, "yatapita Santa Perpetua, mbele ya nyumba ya meya. Barabara nyingine hakuna."

Kicheko kikakatika. Tagbak wakatia saini wa kwanza na kuuliza chakula kinaletwa saa ngapi. Wale wawili wakafuata wamenuna, kwa kuwa mkoa ulishaapa kumshtaki atakayesusa.

Remedios akamwinamia Lola. "Umetuweza. Lakini unajua umejifanyia nini? Sasa huna mji. Mchele wa Krismasi huna, kadi ya zahanati huna, kura huna. Ukiugua utamlilia nani?"

Maneno yale yalimchoma Lola, kwa kuwa yalikuwa kweli, na magoti yake yalikuwa na miaka sabini na mmoja.

"Nitaugua nyumbani kwangu," akasema.

Karani akamsogezea daftari la mahudhurio. "Lola, kila aliyekuja lazima ajaze. Jina, halmashauri unayotoka, na wajumbe wake waliofika."

Akashika kalamu. Kwenye halmashauri akaandika Lipata. Kwenye wajumbe waliofika akaandika: wote.